Enrico Fermi

Enrico Fermi (Roma, Italia, 29 Septemba 1901 – Chicago, Marekani, 28 Novemba 1954) alikuwa mwanafizikia kutoka Italia aliyehamia Marekani mwaka 1939. Mwaka 1938 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Anajulikana hasa kwa kuongoza ujenzi wa tanuri la nyuklia la kwanza duniani, lililoanza kazi Chicago tarehe 2 Desemba 1942, na kwa mchango wake katika utengenezaji wa bomu la atomiki.

Umaarufu huo umefunika sehemu nyingine za kazi yake. Mara mbili, mwaka 1934 na mwaka 1947, Fermi alishughulikia elektroni iliyoshikwa kwa nguvu ndogo sana, karibu kuachiliwa kabisa. Mara zote mbili lilikuwa jambo la pembeni alipokuwa akitafuta jibu la swali lingine. Leo wanakemia na wanafizikia wanaochunguza molekuli zenye chaji hasi huanza na namba aliyoitaja katika makala ya mwaka 1947, ingawa kwa miaka ishirini hivi karibu hakuna aliyeikumbuka.

Utoto na masomo

Fermi alikuwa mtoto wa tatu wa Alberto Fermi, afisa katika wizara ya reli, na Ida de Gattis, mwalimu wa shule ya msingi. Dada yake Maria alimtangulia kwa miaka miwili na kaka yake Giulio kwa mwaka mmoja. Wavulana hao hawakuachana. Walicheza pamoja na kutengeneza mota za umeme kwa mikono yao. Mnamo Januari 1915 Giulio alipelekwa hospitali kwa upasuaji mdogo wa jipu la kooni, akafa baada ya kupewa dawa ya usingizi, kabla upasuaji haujaanza. Mama yao alikaa na huzuni hiyo kwa miaka mingi. Enrico, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alikimbilia vitabu.

Kimoja alikinunua katika soko la Campo de' Fiori mjini Roma: kitabu cha fizikia cha Mjesuiti Andrea Caraffa kilichochapishwa mwaka 1840, chote kwa Kilatini. Rafiki wa baba yake, mhandisi Adolfo Amidei, aliona kipaji cha kijana huyo na kumwazima vitabu vya hisabati kimoja baada ya kingine. Ndiye pia aliyemshauri asome Pisa badala ya Roma, na ajifunze Kijerumani kwa sababu makala nyingi za sayansi wakati ule ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Mwaka 1918 aliomba nafasi katika Scuola Normale Superiore ya Pisa. Katika mtihani wa kuingia aliandika juu ya sauti na mitetemo ya fimbo kwa kutumia hisabati ya ngazi ya juu mno kwa kijana wa miaka 17, hata msahihishaji akamwita amwone kwa macho yake. Alipokuwa bado mwanafunzi, mkuu wa maabara Luigi Puccianti alimwomba amfundishe fizikia mpya. Alihitimu Julai 1922.

Alikwenda Göttingen, Ujerumani, mwaka 1923, lakini hakustawi huko. Mwaka uliofuata alikaa Leiden, Uholanzi, kwa Paul Ehrenfest, na huko alipata kujiamini tena.

Profesa mjini Roma

Mapema mwaka 1926 Fermi alichapisha makala juu ya gesi ya chembe ambazo hakuna mbili zinazoweza kukaa katika hali moja. Alikuwa ametumia kanuni iliyotolewa na Wolfgang Pauli mwaka uliotangulia. Miezi michache baadaye Paul Dirac wa Uingereza alifikia matokeo yaleyale kwa njia yake, na kwa sababu hiyo hesabu hizo huitwa takwimu za Fermi na Dirac. Chembe zinazofuata takwimu hizo, kama vile elektroni, protoni na nyutroni, huitwa fermioni.

Mwaka huohuo Orso Mario Corbino, mkurugenzi wa taasisi ya fizikia katika barabara ya Via Panisperna, alifanikisha kuanzishwa kwa nafasi ya kwanza ya profesa wa fizikia ya nadharia nchini Italia. Fermi aliipata akiwa na umri wa miaka 25. Kundi la vijana likakusanyika kwake: Franco Rasetti, Emilio Segrè, Edoardo Amaldi, Ettore Majorana na baadaye Bruno Pontecorvo. Kwa utani walimwita Papa, kwa maana hakuonekana kukosea katika mambo ya fizikia.

Mwaka 1928 alimwoa Laura Capon, binti wa familia ya Kiyahudi ya Roma. Walipata watoto wawili, Nella na Giulio. Mwaka 1929 Fermi aliteuliwa katika Akademia ya Kifalme ya Italia na akajiunga na chama cha Wafashisti. Hakuwa mtu wa siasa, lakini cheo na mshahara alivipokea kutoka kwa serikali ya Mussolini, na habari za maisha yake haziwezi kuandikwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Elektroni iliyo mbali na atomu yake

Mwanzoni mwa mwaka 1934 Amaldi na Segrè walikuwa wakichunguza mwanga unaofyonzwa na mvuke wa metali alkali. Atomu ya natiri, kwa mfano, ina elektroni moja ya nje ambayo ikipewa nishati hupanda hadi mizingo mikubwa zaidi na zaidi. Katika mizingo ya juu kabisa elektroni hiyo iko mbali sana na kiini, na imeshikwa kwa nguvu ndogo tu.

Vijana hao wawili waliongeza gesi nyingine ndani ya chombo mpaka maelfu ya atomu ngeni zikawa ndani ya mzingo wa elektroni moja. Ungetarajia kwamba elektroni ingegongwagongwa hadi mistari ya spektra ipotee. Haikuwa hivyo. Mistari ilibaki ikionekana, ila ilisogea kidogo kutoka mahali pake: pamoja na gesi fulani ilisogea upande wa nyekundu, pamoja na gesi nyingine upande wa buluu.

Fermi alieleza jambo hilo kwa kugawa sababu mbili. Kwanza, atomu ngeni zilizo kati ya elektroni na ioni yake zinavutwa na chaji ya ioni hiyo, na kwa njia hiyo nishati ya atomu nzima inashuka kidogo. Pili, elektroni iliyo mbali huenda polepole, na kwa mujibu wa fizikia ya kwanta chembe inayokwenda polepole ina wimbi refu. Wimbi lililo refu kuliko atomu haliwezi kutambua umbo la atomu linapopita. Kwake kila atomu ni nukta tu. Hivyo athari yote ya atomu ngeni juu ya elektroni inaweza kuelezwa kwa namba moja yenye kipimo cha urefu. Ikiwa chanya, atomu inaisukuma elektroni. Ikiwa hasi, inaivuta. Kwa sababu hiyo mistari husogea pande tofauti kufuatana na gesi.

Mbinu hiyo aliitumia tena miaka miwili baadaye kwa nyutroni, na hadi leo hutumika kila mahali ambapo chembe za polepole hukutana na vizuizi vidogo. Mwaka 2000 wanafizikia watatu walionyesha kwa hesabu kwamba elektroni ya mbali, ikiivuta atomu ya jirani jinsi Fermi alivyoeleza, ingeweza kuifunga atomu hiyo iwe sehemu ya molekuli kubwa ajabu. Mwaka 2009 molekuli za aina hiyo, zilizotengenezwa kwa atomu za rubidi, zilionekana katika maabara ya Stuttgart, Ujerumani.

Nyutroni za polepole

Majaribio yaliyompa Fermi Tuzo ya Nobel yalianza Machi 1934. Irène Curie na Frédéric Joliot walikuwa wametangaza Paris kwamba unururifu unaweza kusababishwa kwa kupiga elementi kwa chembe za alfa. Fermi aliona kwamba nyutroni, isiyo na chaji, haisukumwi na kiini, hivyo ingefaa zaidi. Alianza na elementi nyepesi bila kupata kitu mpaka alipofika florini. Baada ya hapo kundi lake lilipima elementi zipatazo 60. Baadhi ya vitu walivyopata vilikuwa na nusumaisha ya muda mfupi sana, kwa hiyo ilibidi wakimbie na sampuli mkononi kutoka chumba cha nyutroni hadi chumba cha vifaa vya kupimia.

Mnamo Oktoba 1934 waligundua jambo la ajabu: kipande cha fedha kilipata unururifu zaidi kilipowekwa juu ya meza ya mbao kuliko juu ya marumaru. Tarehe 22 Fermi alikuwa amepanga kuweka kizuizi cha risasi kati ya nyutroni na fedha, lakini wakati wa kuanza aliamua kutumia kipande cha nta ya parafini badala yake, bila kuweza kueleza sababu. Unururifu ukaongezeka mara nyingi. Baada ya saa chache alikuwa na maelezo. Nta ina hidrojeni nyingi, na kiini cha hidrojeni kina masi karibu sawa na nyutroni. Nyutroni ikigongana nacho tena na tena hupoteza mwendo, na nyutroni ya polepole hunaswa na viini kwa urahisi zaidi. Siku hiyo walijaribu pia na maji ya chemchemi ya bustani ya taasisi, yakafanya kazi ileile.

Kosa lao kubwa lilihusu urani. Walipoipiga kwa nyutroni walidhani wametengeneza elementi mpya nzito kuliko zote. Mwanakemia Ida Noddack aliandika mwaka huohuo kwamba huenda kiini kilikuwa kimevunjika vipande, lakini hakusikilizwa. Desemba 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann walionyesha mjini Berlin kwamba urani kweli inavunjika, na Lise Meitner pamoja na Otto Frisch wakaeleza namna inavyotokea. Fermi alikuwa amepokea Tuzo ya Nobel siku chache tu kabla, kwa sababu zilizojumuisha elementi hizo ambazo hazikuwapo.

Kuondoka Italia

Katika mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Laura alihesabiwa kuwa Myahudi. Mwaliko wa Stockholm ulikuwa njia ya kutoka. Familia ilisafiri mwezi wa Desemba kama inayokwenda kwenye sherehe, lakini baada ya tuzo haikurudi; ilipitia Copenhagen na Uingereza, ikafika New York tarehe 2 Januari 1939. Baba yake Laura, admirali Augusto Capon, alibaki akiamini kwamba utumishi wake katika jeshi la majini ungemlinda. Oktoba 1943 Wajerumani walimkamata Roma na kumpeleka Auschwitz, alikouawa.

Tanuri la Chicago na bomu

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, Fermi alifanya kazi na Leó Szilárd, Herbert Anderson na Walter Zinn. Swali lilikuwa kama nyutroni zinazotoka katika urani inayovunjika zinaweza kuvunja viini vingine na kuendelea hivyo mfululizo. Marekani ilipoingia vitani na Italia, Desemba 1941, Fermi alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Akawa anahitaji kibali cha kusafiri nje ya mji hata anapokwenda kwenye kazi ya siri aliyopewa na serikali hiyohiyo.

Mwaka 1942 kazi ilihamishiwa Chicago. Chini ya majukwaa ya kiwanja cha michezo cha Stagg Field, katika ukumbi wa mchezo wa skwoshi, walipanga matofali ya grafiti yenye uzito wa takriban tani 400, na kati yake waliweka vipande vya urani na oksidi ya urani. Asubuhi ya tarehe 2 Desemba fimbo za kadimi zilianza kutolewa polepole. Kabla ya adhuhuri fimbo ya usalama ilianguka yenyewe kwa sababu ilikuwa imewekewa kiwango cha chini mno. Fermi hakushtuka, aliwaambia watu waende kula. Alasiri, baada ya saa tisa, mmenyuko ulianza kujiendesha wenyewe. Nguvu yake ilikuwa nusu ya wati tu, isiyotosha hata taa ndogo.

Mwaka 1944 tanuri kubwa la Hanford lilipozimika lenyewe muda mfupi baada ya kuwashwa, Fermi alikuwa miongoni mwa walioitwa. Chanzo kilikuwa xenoni iliyozalishwa ndani ya tanuri na kumeza nyutroni. Mwaka huo alipata uraia wa Marekani na kuhamia Los Alamos. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa jangwani New Mexico, aliangusha vipande vya karatasi wakati wimbi la hewa lilipopita na kupima vilivyopeperuka. Kwa hesabu ya haraka alikadiria nguvu ya tani 10,000 za TNT. Nguvu halisi ilikuwa mara mbili ya hapo au zaidi, lakini kwa karatasi chache hayo si makadirio mabaya.

Wiki chache kabla, Fermi, J. Robert Oppenheimer, Ernest Lawrence na Arthur Compton walikuwa wameulizwa maoni yao juu ya matumizi ya bomu. Walijibu kwamba hawaoni onyesho lolote ambalo lingemaliza vita bila kulitumia moja kwa moja. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti.

Mesoni, dipoli na makala ya mwaka 1947

Baada ya vita Fermi alirudi Chicago kufundisha. Wakati huo habari ya ajabu ilifika kutoka Roma. Marcello Conversi, Ettore Pancini na Oreste Piccioni, walioanza majaribio yao wakati mji ulipokuwa bado vitani, walikuwa wamechunguza mesoni hasi zinazotoka katika miali ya anga. Iliaminika kwamba mesoni hizo ndizo chembe zinazounganisha kiini cha atomu, kama ilivyotabiriwa na Hideki Yukawa wa Japani. Kama ingekuwa hivyo, mesoni hasi ikisimama ndani ya kaboni ingemezwa na kiini mara moja. Waitalia waliona kwamba nyingi hazimezwi, bali huishi mpaka kuoza zenyewe.

Palikuwa na njia moja ya kuokoa imani ya zamani. Labda mesoni haifiki kwenye kiini. Labda inachelewa njiani, ikizunguka mbali. Fermi na Edward Teller waliamua kuhesabu safari hiyo. Mesoni ina masi takriban mara 200 kuliko elektroni, kwa hiyo mzingo wake wa mwisho uko karibu na kiini mara 200 zaidi. Hesabu yao ilionyesha kwamba katika kitu kigumu mesoni huteremka hadi hapo kwa muda mdogo kupita kiasi ukilinganisha na maisha yake, ambayo ni takriban sehemu mbili za milioni za sekunde. Hivyo mesoni inafika, inakaa ndani ya mlango wa kiini, na kiini hakiitaki. Tofauti kati ya nadharia na jaribio ilikuwa mara bilioni elfu. Chembe ile haikuwa ya Yukawa. Leo inaitwa muoni, na chembe ya Yukawa, yaani pioni, iligunduliwa mwaka huohuo wa 1947 na kundi la Cecil Powell huko Bristol.

Katika makala hiyo Fermi na Teller walifikiria pia hidrojeni, ambayo ina elektroni moja tu. Mesoni hasi inapoikaribia protoni, elektroni inaona vitu viwili: chaji chanya moja na chaji hasi moja, zilizotengana kwa umbali mdogo. Jozi kama hiyo huitwa dipoli. Jumla ya chaji zake ni sifuri, kwa hiyo kwa mtazamo wa haraka ungesema haiwezi kushika elektroni. Lakini upande wake chanya bado unavuta. Je, mvuto huo unatosha?

Jibu lao lilikuwa kwamba inategemea umbali. Chaji hizo mbili zikiwa mbali kuliko 0.639 ya nusukipenyo cha Bohr (nusukipenyo hicho ni takriban nanomita 0.053, ukubwa wa atomu ya hidrojeni), elektroni inaweza kushikwa. Zikikaribiana zaidi ya hapo, hakuna hali hata moja ya kuishika. Elektroni inaondoka zake na kuiacha mesoni pamoja na protoni. Kwa Fermi na Teller hicho kilikuwa kipengele kidogo cha safari ya mesoni. Walitaja namba, wakaendelea na hoja yao.

Molekuli zenye elektroni ya ziada

Protoni na mesoni si dipoli pekee duniani. Molekuli nyingi zina ncha moja chanya kidogo na ncha nyingine hasi kidogo. Nguvu ya dipoli hupatikana kwa kuzidisha chaji kwa umbali, na kwa molekuli hupimwa kwa kipimo kiitwacho debye. Namba ya Fermi na Teller ikigeuzwa kwa kipimo hicho ni 1.625. Ina maana kwamba molekuli yoyote isiyozunguka yenye dipoli iliyo kubwa kuliko debye 1.625 inaweza, kwa dipoli yake tu, kushika elektroni ya ziada na kuwa ioni hasi.

Waliohesabu mambo ya molekuli hawakujua kwamba hesabu ilikwisha kufanywa. Makala ilikuwa na neno mesotroni katika kichwa chake, na mwanakemia asingekuwa na sababu ya kuisoma. Katika miaka ya 1960, hasa kuelekea mwaka 1967, watafiti kadhaa walifikia mpaka uleule kila mmoja kwa njia yake, na baadaye tu ikaonekana kwamba ulikuwa umechapishwa miaka ishirini kabla. Mwaka 1977 mmoja wao, James Turner, aliandika makala nzima kueleza jinsi ugunduzi huo ulivyorudiwa.

Katika ioni hasi ya kawaida elektroni ya ziada huingia kati ya atomu na kushiriki katika muungo wao. Katika ioni ya dipoli hali ni tofauti kabisa. Elektroni inakaa nje ya molekuli, upande wa ncha chanya, kama wingu pana lenye upana wa nanomita moja au zaidi, na umbo la molekuli karibu halibadiliki. Inashikwa kwa nguvu ndogo mno. Elektroni ya hidrojeni inahitaji elektronivolti 13.6 ili kuachiliwa. Ile iliyo juu ya asetonitrili, molekuli yenye dipoli ya debye 3.9, inahitaji chini ya sehemu moja ya hamsini ya elektronivolti. Kwa urasili, mojawapo ya sehemu za RNA, ni karibu elektronivolti 0.09.

Mpaka wa 1.625 ni wa molekuli iliyotulia. Molekuli halisi huzunguka, na ncha yake chanya haikai mahali pamoja. Elektroni iliyoshikwa kwa uzi mwembamba hivyo haiwezi kuifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 W. R. Garrett alionyesha kwamba kwa sababu hiyo dipoli inayotakiwa ni kubwa zaidi, na majaribio yameonyesha kwamba kwa kawaida inahitajika debye 2.5 hivi. Maji ni mfano mzuri. Dipoli ya molekuli moja ya maji ni debye 1.85, juu ya mpaka wa Fermi na Teller, lakini molekuli moja ya maji haionekani kushika elektroni kwa namna hii. Molekuli mbili za maji zikishikana, dipoli zake hujumlika kwa kiasi kikubwa, na ioni hasi ya jozi hiyo imepimwa maabarani.

Kutengeneza ioni hizo si rahisi, kwani elektroni ikija na mwendo hata mdogo hupita. Njia moja iliyofaulu ni kuichukua elektroni kutoka kwa atomu ambayo yenyewe imeishika kwa shida: atomu ambayo elektroni yake ya nje imepandishwa hadi mzingo wa juu sana, kama zile za Amaldi na Segrè za mwaka 1934. Zikipita karibu na molekuli yenye dipoli, elektroni inahama. Katika miaka ya 1990 kundi la Charles Desfrançois na Jean-Pierre Schermann nchini Ufaransa lilitumia njia hiyo kwa molekuli nyingi, likilinganisha ukubwa wa mzingo na nguvu ya dipoli. Hivyo maswali mawili ambayo Fermi aliyashughulikia kwa tofauti ya miaka 13 yalikutana katika chombo kimoja, yeye akiwa amekufa miaka arobaini.

Miaka ya mwisho

Darasa la Fermi mjini Chicago lilitoa wanafizikia wengi mashuhuri, wakiwemo Chen Ning Yang, Tsung-Dao Lee, Owen Chamberlain, Jack Steinberger na Jerome Friedman, ambao wote walipata Tuzo ya Nobel baadaye. Alipenda kuwapa maswali ya kukadiria yasiyo na kitabu cha kujibia, kama idadi ya mafundi wa piano katika mji wa Chicago.

Oktoba 1949 serikali ya Marekani iliomba ushauri kama iharakishe kutengeneza bomu la hidrojeni. Fermi na Isidor Rabi waliandika maoni yao wenyewe, makali kuliko ya wenzao, wakilipinga bomu hilo kwa misingi ya maadili. Rais Truman aliamua vinginevyo, na Fermi baadaye alisaidia katika baadhi ya hesabu zake huko Los Alamos. Wanaoandika juu yake wameshindwa kukubaliana jinsi ya kuupatanisha msimamo wake na kazi hiyo. Aprili 1954, Oppenheimer aliposhtakiwa kuwa si mwaminifu, Fermi alitoa ushahidi wa kumtetea. Teller, mwenzake wa makala ya mwaka 1947, alishuhudia dhidi yake.

Majira ya joto ya mwaka huo Fermi alifundisha Les Houches na Varenna, tayari akiwa mgonjwa. Mwezi wa Oktoba madaktari wa Chicago walimfungua na kukuta saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea. Segrè, aliyekwenda kumwona hospitalini, alimkuta akilishwa kwa mpira, akihesabu matone kwa saa ya mkononi ili kujua kasi ya chakula kinavyoingia. Alikufa nyumbani kwake tarehe 28 Novemba 1954 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa katika makaburi ya Oak Woods, Chicago.

Kumbukumbu

Elementi namba 100, iliyopatikana katika mabaki ya jaribio la bomu la hidrojeni la mwaka 1952, ilipewa jina la fermi (alama yake Fm). Maabara ya Fermilab karibu na Chicago na darubini ya anga ya miali ya gamma iliyorushwa na NASA mwaka 2008 zina jina lake pia. Laura Fermi alichapisha kitabu juu ya maisha yao mwaka 1954, muda mfupi kabla ya kifo cha mumewe.